Yaya Ni Nani Wako

Joubert Park, Johannesburg
14 Januari 2024

Léo mke wangu,

Mie mzima, na chumba kipo, ila tangu muondoke kimekuwa kikubwa. Naandika kwenye simu kama barua, maana juzi ulipopiga nilikaa kimya mpaka ukafikiri mtandao umekata. Haukukata. Ni mie. Sauti yako ikiingia sikioni maneno yananikimbia, unanijua. Kuandika naweza, taratibu, na makosa yangu utayasamehe. Umesema mtandao wa melini mnaununua, basi usome mkifika bandarini.

Watu wa jengo wananiuliza habari zako pale mlangoni ninapolinda. Yule mzee Mzimbabwe wa ghorofa ya sita kaniuliza mke wangu kaenda wapi. Nikamwambia kaenda kusuka kwenye meli ya watalii, huko visiwa vya Karibi. Akacheka, akasema Wazungu hawana nywele za kusuka. Nikamwambia wakishafika baharini wote wanataka rasta, maana ndivyo ulivyoniambia. Akasema eish, mwanangu, umemwachia aende peke yake? Nikamjibu hayupo peke yake, yupo na kaka yake. Mzee akatulia. Na mie nikisema hivo natulia.

Kule uwanja wa ndege nilimwangalia kaka yako, yaya Damien, alivobeba mabegi yote, lako na lake, wewe ukawa unatembea mikono mitupu. Nikasema moyoni, hapa nimemkabidhi mtu. Mwambie pazia lake sijalitoa. Lipo vilevile limegawa chumba, huku kwetu, huku kwake. Nikirudi asubuhi kutoka zamu bado natembea polepole, kama vile amelala nyuma yake.

Hiyo meli ikoje? Ulisema ya zamani. Zamani kama nini?

Mumeo,
Mansour

*

Bridgetown, Barbados
2 Februari 2024

Mansour wangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa chini hapa port, kwa kivuli ya kontena. Wafanyakazi wote wa meli tuko hapa tunatafuta wifi kama kuku anatafuta mahindi. Ule mzee amenichekesha.

Unauliza meli iko namna gani. Mansour, hii bateau ni mzee kuliko mama yangu. Jina yake wameiandika na rangi ya dhahabu, lakini jua ikipiga kwa upande unaona majina ingine mbili chini ya rangi. Yaya anasema iko kama mwanamke ameolewa mara tatu. Alicheka yeye mwenyewe.

Lifti mbili hazitembei. Maji ya bomba inatoka rangi ya chai. Kwa saluni yetu kioo kimoja kimepasuka, wakaweka maua mbele. Wageni wengi ni wazee, wamelipa ju ya kusherehekea, sasa wanakuja kulalamika kwangu kama vile mimi njo nilijenga meli. Kuko bibi mmoja na bwana yake, wanasherehekea miaka arobaini ya ndoa. Maji iliingia kwa chumba yao mpaka kwa kitanda. Asubuhi bibi akakuja nimusuke. Nikasuka, akalia, nikasuka, akalia. Bwana akasimama kwa mlango na viatu vyake mukononi, vinadondosha maji kwa zulia.

Yaya njo anaitwa kila saa. Pazia imeoza, shuka imepasuka, sare ya mpishi imefumuka, yeye anashona mpaka vidole vinavimba. Kisha anakoroma, mpaka najiuliza injini ni gani na yaya ni gani.

Ukule vizuri. Usikule tu mukate na chai ya kwa kaduka ka spaza.

Léo wako

*

Joubert Park
11 Februari 2024

Léo mke wangu,

Barua nimeisoma mpaka naijua. Yule bwana wa viatu namwona kabisa.

Swali moja la kijinga, usikasirike. Kukoroma kwa yaya unakusikiaje? Uliniambia umewekwa chumba kimoja na msichana wa Kifilipino, na wanaume wana upande wao. Labda kuta nyembamba, meli yenyewe kuukuu.

La pili ni la Brigitte. Jana nilipita pale kwenye kona yenye robot, zile taa za magari, anaposukia siku hizi, nimpe salamu zako kwa kuwa mlikuwa mnasuka pamoja. Kabla sijafungua mdomo kaniuliza, "Léo na bwana yake wamefika muzuri?" Nikamwambia bwana yake ndio huyu umesimama naye. Brigitte akashika kitana, akaanza kuchambua kichwa ambacho alishakichambua, akasema pardon, papa, leo kichwa yangu imechoka.

Nikacheka ili yaishe. Nikajiambia ni Kiswahili chenu tu, pana mahali sijasikia vizuri. Si unakumbuka nilivyokaa mwaka mzima nikisikia "ju ya" nadhani mnasema juu ya meza, kumbe ni kwa sababu ya? Nieleze tu, mie nitaelewa.

Mumeo,
Mansour

*

Philipsburg
20 Februari 2024

Mansour,

Brigitte iko na mudomo mingi. Tangu nipate hii kazi hanipendi. Ukienda kunywa maneno kwa Brigitte, utashiba.

Ju ya kukoroma. Vyumba vya wafanyakazi vile vya chini vimejaa maji, tumepangwa upya. Msichana wa Manila amepelekwa kwingine. Wale wako na mutu wa nyumbani kwao wamewekwa pamoja. Mimi na yaya tumepewa kachumba kamoja, kitanda juu na kitanda chini. Ulitaka niwekwe na nani? Na mwanaume simujue? Mimi niko hapa miguu imevimba, nasuka vichwa vya wazee tangu asubuhi, na wewe uko kule unahesabu nani anakoroma.

Sikutarajia ile kwako.

Léo

*

Joubert Park
24 Februari 2024

Léo,

Nisamehe. Maneno yako yote ya kweli. Ulale na kaka yako, kuliko kuwekwa na mtu baki. Mie kazi ya kulinda imeniharibu, nakaa naangalia watu mpaka mke wangu mwenyewe namwangalia. Sitauliza tena.

Kwa Brigitte sipiti. Nazunguka upande wa bustani.

Mumeo,
Mansour

*

Kingston, Jamaica
19 Machi 2024

Mansour wangu,

Umeniandikia mara ine na mimi sikujibu. Haikuwa hasira. Meli ilikufa.

Tulikuwa mbali, hakuna kisiwa kwa macho. Mara ukasikia kimya. Haujue sauti ya injini mpaka siku inanyamaza. Taa zikazima, maji ikakatika, vyoo vikaanza kurudisha vitu juu. Chini kukawa moto kama tanuru, harufu inakufukuza. Watu wote wakapanda juu, inje, wageni na wafanyakazi, wakalala pamoja kwa sakafu. Matajiri wakapigania mukate, Mansour. Nilimuona mwanaume wa tai ananyanganya mutoto ndizi.

Yaya akakata mapazia ya ukumbi wa dansi, yale mazito mekundu, akatutengenezea hema. Chef, mukubwa wetu wa kazi, akamufokea, yaya akamuambia aende ashone zingine. Yule bibi wa miaka arobaini na bwana yake tukawaweka ndani na sisi. Bwana alikuwa anamupepea bibi na kofia, anasema nilikuahidi likizo, bibi anasema funga mudomo, ndio likizo yetu ya kwanza hatujagombana. Watu wakacheka mpaka wengine wakalia.

Mimi nilipata woga. Nikaomba Mungu. Sikujua nimuombee nani mbele.

Meli ya kuvuta ikatufikia, ikatuburuta mpaka hapa. Wageni wamerudishwa kwao. Sisi tumebakia ndani, tunasubiri. Niko mzima. Nakukumbuka.

Léo

*

Joubert Park
2 Aprili 2024

Léo,

Nimefurahi uko hai. Hilo naliandika kwanza, maana nikishaandika mengine labda hutaliamini.

Video ya meli yenu imezunguka. Yule mzee wa ghorofa ya sita ndiye alikuja mbio mlangoni na simu yake, njoo uone mkeo, njoo uone mkeo, kwa furaha kabisa. Mgeni mmoja anatembea katikati ya watu waliolala anawapiga picha. Akafika kwenye hema la mapazia mekundu. Nikakuona. Ulikuwa umeweka kichwa kwenye mapaja ya yaya, yeye anakushikashika nywele. Nikasema sawa, dada na kaka, watu wamepata shida. Mzee alikuwa anachekelea pembeni yangu.

Yule mgeni akawauliza, nyinyi mmeoana muda gani? Kiingereza changu ni cha mlangoni, lakini hilo nalijua. Yaya akanyanyua mkono wenye pete, akasema miaka tisa. Na wewe ukacheka ukamfinya.

Mzee akazima simu. Akapanda ngazi.

Mie nikaenda kwa Brigitte. Nilisimama pale mpaka akamaliza kichwa, alafu nikamuuliza neno moja tu, yaya ni nani. Hakutaka. Nikamwambia dada, mie sijasoma, nisomeshe. Akasema, "Yaya ni mukubwa wako, papa. Kaka yako ni yaya. Dada yako mukubwa ni yaya. Na bwana yako, kama unamuheshimu, ile pia ni yaya." Nikamuuliza na Damien ni yaya gani kwa Léo. Akasema, "Nilidhani unajua. Sisi wote tulidhani unajua, na umekubali."

Léo, nilikaa kwenye ngazi za jengo nikarudisha maneno yako yote nyuma, toka siku ya kwanza. Ulikuja na huyo mtu, mmelowa, mna mifuko ya plastiki, lile jengo la Hillbrow mmetolewa na polisi. Ukasema huyu ni yaya yangu. Mie nikaenda kumuuliza Mkongo wa dukani yaya ni nini, akanijibu kaka mkubwa. Nikarudi nimefurahi. Toka siku hiyo mwenye kusema kaka ni mie. Kwako sijalisikia neno hilo hata mara moja. Nimetafuta. Halipo.

Alafu nikakumbuka nikahi yetu. Sheikh Ameir alisema Mkristo ni mtu wa kitabu, ndoa inajuzu, ila awepo walii, baba au kaka. Akauliza huyu ni nani wake. Damien alitazama chini. Wewe ulikuwa umejifunika mtandio. Aliyejibu ni mie: kaka yake. Sheikh akamfundisha maneno, Damien akanishika mkono wa kulia akasema nimekuozesha. Mkono wake ulikuwa wa baridi, nikadhani anamwonea uchungu dada yake.

Mume alinipa mke wake mkononi. Alafu akarudi akashona pazia. Mie zamu yangu ni ya usiku, Léo. Miaka miwili natoka jioni nawaaga wote wawili, yaya, niangalizie mke wangu.

Sitaki maelezo marefu. Nijibu kwa neno la kwetu. Damien ni kaka yako wa kuzaliwa, au siye?

Mansour

*

Kingston
5 Aprili 2024

Mansour,

Ni mimi Damien. Léo analia, hawezi kuandika, nimechukua simu. Sijui tena nikuite beau-frère, shemeji, ao nani.

Hapana, mimi si kaka yake. Tulifunga ndoa kule kwetu Uvira, kwa kanisa, mbele ya watu. Naandika na heshima, ju wewe ulitutendea mema na mutu wa mema anastahili ukweli, hata kama unachelewa.

Ile siku tulikuja kwako tulikuwa tumelala siku mingi inje karibu na Park Station, na mvua. Léo alikujua ju ulikuwa unamusalimia kila asubuhi akipita na nywele zake za kuuza. Uliniuliza, wewe njo yaya yake? Nikasema ndiyo. Haikuwa uongo. Ananiita vile tangu nilimuoa. Lakini ukafurahi sana, ukanishika mukono na mikono yako mbili, ukasema karibu shemeji. Mimi nikaona hujaelewa. Nikasema nitakuambia kesho. Kesho ukatuletea blanketi. Mutu akikuletea blanketi utamuambia namna gani? Kisha ukaleta posa. Tukaulizana na Léo sana. Tukasema tukikataa, tunarudi inje. Tukasema itakuwa kwa wakati kidogo tu.

Hii kazi ya meli walikuwa wanatafuta bibi na bwana, ju vyumba havitoshi. Tulionyesha cheti yetu ya kanisa. Njo vile tulipata.

Usinichukie. Mimi pia niliumia. Kusikia mutu anaita bibi yako mke wangu, na wewe unakaa nyuma ya pazia, si kitu rahisi kwa mwanaume.

Wewe ni mutu muzuri, wote wanasema. Kuko kitu kimoja tu ningekuomba. Cherehani yangu iko pale nyuma ya pazia. Tafadhali uipake mafuta kila mwezi, hewa ya Joburg inaikausha.

Damien

*

Kingston
18 Aprili 2024

Yaya wangu Mansour,

Soma mpaka mwisho.

Meli imeuzwa. Watakuja kuivuta, wataikata vipande-vipande iwe chuma. Tunarudishwa kila mutu kwao. Leo nimeona wanatoa zile herufi za dhahabu na patasi.

Damien amepata kazi kwa meli ingine, hawataki bibi na bwana, wanataka mushonaji tu. Alisaini bila kuniuliza. Akaniambia rudi kwa Mansour, iko na roho ya kusamehe. Alisema vile, kama vile anarudisha sahani ya jirani. Mimi nikamuangalia na nikaona sina bwana.

Unasema ulitafuta neno kaka kwa mudomo yangu ukakosa. Ni kweli. Nilikuwa naliogopa. Nilifikiri kama silisemi, mimi sijakosa. Nilikuwa nakuacha wewe ulibebe.

Lakini acha nikuambie kitu moja. Ile mwaka ya kwanza ilikuwa nyumba, Mansour. Nilikuwa nataka tu mahali pa kulala. Ile mwaka ya pili haikuwa nyumba tena. Ulikuwa unarudi asubuhi unavua viatu inje ju usituamushe. Nilikuwa macho. Kila siku nilikuwa macho, nakusikia unavua viatu. Nilikuwa nataka niamuke nikuambie, na nyuma ya pazia yule anakohoa.

Nitafika Joburg tarehe ishirini na saba, peke yangu. Nipokee. Sasa nakuita vile sijawahi kukuita. Na kama haunitaki, niandikie talaka yangu nijue, nitafute pa kwenda.

Bibi yako,
Léocadie

*

Joubert Park
23 Aprili 2024

Léocadie,

Nimesoma mpaka mwisho.

Habari ya viatu imenikaa. Sikujua kama kuna mtu anasikia. Nakuamini hapo, sijui kwa nini, lakini nakuamini.

Sikutaka kujibu kwa hasira, nikaenda kwa Sheikh Ameir. Nilikuwa nishaamua. Nilitaka anionyeshe namna ya kuandika talaka, maana mie herufi zangu unazijua, na jambo lenyewe nikaona liandikwe sawasawa. Nikamweleza yote, la Uvira, la yaya, la mkono wa baridi. Alivua miwani akaifuta. Akasema, "Mansour, talaka anaandika mume." Nikamwambia mume ndio mie. Akasema, "Hukuwa. Mwanamke mwenye mume haolewi. Ile haikuwa ndoa hata siku moja. Huna wa kumwacha, mwanangu."

Nikamwambia lakini nimeishi naye. Akasema wewe hukujua, dhambi huna. Nikamwambia sikuja kuuliza dhambi.

Hicho ndicho sikukitegemea. Mtu akifanyiwa ubaya na mkewe anabaki na kitu kimoja, anamwacha. Hata hicho mlishakichukua. Anayeweza kukuacha ni Damien. Nimetembea toka msikitini mpaka huku sioni robot wala magari, madereva wa teksi wananitukana Kizulu, nami nasema ndiyo, ndiyo.

Sheikh alisema kuna njia. Damien akikuacha kweli, na eda ikaisha, na wote wawili tukitaka, tunaweza kuanza upya toka posa. Nikamuuliza posa nitampelekea nani. Akainuka kwenda kutawadha.

Chumbani huingii. Nimekiangalia vizuri chumba hiki, kila kitu kinanicheka. Pazia nimelitoa, nimempa mama wa ghorofa ya pili, anataka la dirishani. Cherehani ipo kwa Brigitte. Sijaipaka mafuta. Brigitte anasema utakaa kwake mpaka upate pako. Kaomba mwenyewe, anasema mdomo wake ndio ulianzisha. Nimemwambia uongo ulianza zamani kuliko hapo.

Tarehe ishirini na saba nipo zamu. Kwa Brigitte njia ni hapa mbele ya jengo letu, utapita. Toka jana natafuta nikikuona nikuiteje. Mke, nimekatazwa. Shemeji, wa nani? Dada, siwezi, Mungu anisamehe. Basi nitakusalimia tu, nawe uitikie upite.

Na lile neno uliloanza nalo barua, lina mwenyewe. Usinipe cha mtu.

Mansour